Bei ya Pakiti na Mwendo wa Shilingi: Kisa cha Kibanda cha Viungo Kizimbani

Kibanda chenyewe hakizidi hatua sita kwa nne. Kimeezekwa makuti, kina meza mbili za mbao, na kimejengwa mahali ambapo kila muongozaji wa watalii hana budi kupita akishamaliza kuwaonesha wageni wake mkarafuu, mdalasini, mzingefuri na mchaichai katika moja ya mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja. Mwenye kibanda ni mwanamke wa makamo ambaye ni shangazi yangu, jambo ninaloliweka wazi mapema ili msomaji ajue kwamba haya nimeyaona kwa karibu, pamoja na upungufu wote wa mtu anayetazama mambo ya jamaa zake. Ninakiandika kisa kwa ridhaa yake, na kwa ombi lake jina silitaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwekea daftari la hesabu tangu mwaka 2018, kazi niliyopewa kwa sababu ya ukoo kuliko kwa sababu ya ujuzi.

Daftari hilo ndilo lililonifanya nitilie shaka simulizi ambayo tumeshaizoea kuhusu biashara ndogo za Zanzibar na UVIKO-19, kwamba watalii waliondoka watu wakaumia, kisha watalii wakarudi na watu wakapona. Katika kibanda hiki mambo hayakwenda hivyo. Ukame wa wageni ulitulazimisha kupiga hesabu ambayo wakati wa neema hatukuwahi kuipiga, na hesabu ile ikatuonesha kwamba bei kubwa iliyobandikwa juu ya pakiti ilikuwa ikitudanganya kwa miaka.

Kabla ya janga biashara ilikuwa nyepesi kuieleza. Kwa takwimu za Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, mwaka 2019 visiwa vilipokea wageni 538,264, na matembezi ya viungo ni miongoni mwa mambo ambayo mgeni aliyefikia Mji Mkongwe huyafanya bila kufikiri sana: huchukuliwa asubuhi kwa gari, hupitishwa Bububu, huingizwa shambani, hukatiwa gome la mdalasini anuse, hupakwa rangi ya mzingefuri mdomoni, huvishwa taji na tai vilivyosukwa kwa majani ya mnazi, hulishwa matunda ya msimu, na mwisho huletwa kibandani akiwa amefurahi na mfuko wake umelegea. Hapo hukuta vikapu vidogo vya ukili, kila kimoja kina vifuko vitano au sita vya karafuu, iliki, mdalasini wa unga, pilipili manga, kungumanga na manjano, na pembeni yake sabuni na vichupa vya mafuta ya mlangilangi. Wapo wauzaji wanaoweka mezani hata kile wanachokiita zafarani ya Zanzibar, ingawa zafarani hailimwi Zanzibar na kilichomo kifukoni aghalabu ni manjano au rangi ya mzingefuri. Shangazi hakuwahi kukiuza kitu hicho. Silisemi hili kwa ajili ya kumsifu. Nalisema kwa sababu baadaye alilazimika kuwauzia watu ambao kwa habari ya viungo hawadanganyiki, na jina lake halikuwa na doa.

Katika kila kikapu kilichouzwa palikuwa na fungu la muongozaji aliyewaleta wageni. Hakuna aliyeliona fungu hilo kuwa ni gharama, na hata mimi katika daftari sikuwa na safu yake. Liliitwa "chake", kama vile mtu anavyotajiwa sehemu yake katika mirathi. Wageni wakishapanda gari, shangazi husema, "Mpe chake," na mwanawe humpa. Pesa ile ilikuwa ikitoka kabla sijashika kalamu, kwa hiyo daftari lilianza kuhesabu pale ambapo sehemu nono ya mauzo ilikwisha ondoka.

Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku chache baadaye Zanzibar nayo ikatangaza mgonjwa wake. Ndege za watalii zikazuiwa kuja visiwani, na mwezi wa Aprili safari zote za abiria za kimataifa nchini zikasimamishwa. Mtu anayesoma leo angedhani kwamba siku hiyohiyo kibandani tuliingiwa na hofu. La. Machi hadi Mei ni miezi ya masika, ambayo hoteli nyingi za mashamba huitumia kufanya ukarabati, waongozaji hurudi kwao, na njia ya shambani huwa tope tupu. Nilipoilinganisha Aprili ya 2020 na Aprili mbili zilizotangulia, tofauti haikuwa ya kutisha, kwa sababu Aprili haijawahi kuwa na kitu. Nadhani wengi wanaoandika juu ya janga hili wamelipita jambo hilo haraka. Biashara ya msimu ina namna yake ya kupokea msiba: msiba huingia ukiwa umevaa nguo za msimu mbovu wa kila mwaka, na mwenye biashara huukaribisha akidhani anamjua. Mwisho wa Machi, wakati viwanja vya ndege vinanyamaza, shangazi aliwalipa wasukaji wa ukili fedha za vikapu mia mbili, akijiandaa kwa wageni wa Juni. Fedha zile ndizo zilizokuwa akiba yake yote.

Wateja wa kwanza waliokuja baada ya hapo hawakumhusu mtalii hata kidogo. Siku moja katika Aprili alisimama kijana mwenye vespa, akauliza kama tuna tangawizi na mchaichai "za kujifukiza". Ilikuwa ni wakati ambao nchi nzima inazungumzia mvuke wa majani na malimau, na tangawizi imepanda bei sokoni. Sitaingia katika mjadala wa kama mvuke ule ulisaidia au haukusaidia, kwa kuwa si fani yangu. Kwa upande wa kibanda, kijana yule na wenzake waliofuata walikuwa watu wa kwanza kwa muda mrefu kusimama mbele ya meza ile wakanunua kwa Kiswahili, kwa fungu, bila kikapu na bila muongozaji. Uuzaji huo ulidumu wiki chache ukazimika, na faida yake haikuwa kubwa. Lakini ulimfanya shangazi aitazame barabara iliyokuwa ikipita mbele ya kibanda siku zote, ambayo yeye alikuwa ameipa mgongo akitazama shambani wanakotokea wageni.

Ramadhani ilianza mwishoni mwa Aprili. Hakuna mwezi ambao jiko la Zanzibar hula viungo kama huo, na shangazi aliona kwamba vikapu vyake vilivyolala vingeweza kupelekwa sokoni Darajani, mjini. Nilikwenda naye siku ya kwanza. Tuliweka vikapu kumi na tano juu ya gunia, pembeni ya muuza ndimu, na tukakaa tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri pasiuzwe hata kimoja. Si kwamba watu hawakusimama. Walisimama, wakakigeuza kikapu, wakacheka kidogo, wakakirudisha. Mama mmoja mwenye umri wa kumzaa shangazi alikaa kitako kabisa, akafungua kifuko cha mdalasini, akamwaga unga kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa, akanusa tena.

"Mwanangu, unga huu umesagwa lini?"

Shangazi akajibu kwamba ni wa Februari.

"Basi umeshakufa. Mdalasini mimi nautaka mzima, nijue ninachokinunua." Kisha akavipekua vifuko vilivyobaki, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. "Na uzile uko wapi?"

Swali hilo la uzile linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndani yake mna kosa zima la biashara ilivyokuwa. Pilau ya Unguja haipikwi bila ya uzile, ule ambao wengine huuita bizari nyembamba. Na katika mashamba yote ya Kizimbani na Kidichi hamna mche wa uzile, kwa sababu haulimwi hapa; huja kwa meli kutoka ng'ambo, kama yalivyo mengi katika jiko letu, na hupatikana kwa magunia katika maduka ya jumla ya mjini. Kikapu chetu kiliitwa "viungo vya Zanzibar" na jina hilo lilikuwa kweli kwa maana ya shamba, kwani kila kilichokuwemo kilikuwa kimeota Zanzibar. Kwa maana ya jiko lilikuwa jina la uongo. Kwa miaka tulikuwa tukimuuzia mgeni kumbukumbu ya matembezi yake, na tukijiita wauza viungo. Muuza viungo hasa alikuwa ni yule mzee wa dukani mwenye gunia la uzile na mizani yenye kutu, ambaye hakuwa na haja ya kikapu.

Tulirudi na vikapu vyote kumi na tano. Usiku ule shangazi alivifungua mwenyewe, akayatenga mabunda: vilivyosagwa upande mmoja, vizima upande wa pili. Vilivyosagwa viligawiwa jamaa au vikaliwa nyumbani. Vizima alivitia katika vifuko vipya, na kesho yake akaenda kununua uzile kwa jumla kwa fedha alizokopa kwa wifi yake. Kitu alichokitengeneza kilikuwa rahisi mno hata sikukiamini: pakiti moja yenye uzile, pilipili manga, iliki, vipande vya mdalasini na chembe chache za karafuu, vyote vizima, vikiwa vimepimwa kwa kilo moja ya mchele. Mnunuzi hapimi wala hakisii. Akiwa na kilo tatu za mchele, hununua pakiti tatu. Karafuu ilibaki kuwa chembe chache kwa sababu nyingine pia, kwani biashara ya karafuu ina sheria yake na mkulima huiuza kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, hivyo mtu wa kibandani hawezi kuota kwamba ataigeuza kuwa bidhaa yake ya jumla.

Sasa nije kwenye hesabu. Tarakimu nitakazozitumia nimezikata ziwe nyepesi kufuatika, lakini mizani yake ni ile ya daftari. Tuseme kikapu cha mtalii kiliuzwa kwa shilingi 10,000. Kikapu chenyewe cha ukili ni 1,500, viungo vilivyomo ni 2,000, fungu la muongozaji ni 3,000, na 1,000 ni ya mwenye shamba kwa ajili ya kiwanja. Kilichobaki ni 2,500. Pakiti ya pilau iliuzwa kwa 1,000. Viungo na kifuko ni 700, na kilichobaki ni 300. Ukiviweka vitu hivi viwili sambamba, mtu yeyote atachagua kikapu, na ndivyo shangazi alivyochagua kwa miaka yote, akiona kwamba kumuuzia jirani ni kujichosha kwa sarafu.

Lakini hesabu hiyo haina siku ndani yake. Kikapu kimoja kilikuwa kimemeza 3,500 kabla hakijauzwa, yaani ukili na viungo, na kwa wastani wa daftari kilikaa mezani karibu miezi miwili kabla hakijapata mtu, vingine vikipoteza harufu vikauzwa kwa bei ya kutupa. Fedha hiyohiyo, 3,500, hutengeneza pakiti tano za pilau. Katika Ramadhani pakiti tano zilikuwa ni mauzo ya robo saa, lakini tusitumie Ramadhani kama kipimo. Tuseme zinakwisha kwa wiki. Tano mara 300 ni 1,500 kwa wiki, mtaji ukiwa umerudi mkononi na tayari kununua tena. Katika wiki nane ambazo kikapu kingekaa kikisubiri mgeni mmoja na kumpatia shangazi 2,500, shilingi zilezile zikizunguka kwenye pakiti zingempatia 12,000. Nilipomsomea hesabu hiyo aliinyamazia. Kisha akauliza jambo moja tu: kwa nini sikumwambia mwaka 2018. Sikuwa na jibu ambalo lingenipa heshima, kwa hiyo nilisema kweli, kwamba sikuwa nimeipiga.

Hapo ndipo ambapo kisa kingeweza kuishia kwa furaha, laiti mteja wa mtaani angekuwa analipa taslimu. Mtalii halipi kesho. Anapanda gari, na aliyepanda gari amekwisha lipa. Jirani ana mdomo, ana ukoo na ana haki ya kuomba. "Nikopeshe, mwisho wa mwezi." "Niandikie, mume wangu bado hajapokea." Kufikia Agosti 2020 daftari la deni lilikuwa na kurasa nyingi kuliko daftari la mauzo. Na deni katika biashara ya faida ya 300 lina ukali ambao katika biashara ya faida ya 2,500 hatukuwahi kuuonja: mtu mmoja akiondoka na pakiti asirudi, zile 700 za gharama humeza faida ya pakiti mbili na ziada, hata kabla hujaijutia faida yake mwenyewe.

Nilipoyapanga majina ya wadaiwa kwa kazi zao ndipo nilipoelewa kitu kingine, ambacho kinaitia dosari hesabu yangu nzuri ya hapo juu. Wengi wa waliokuwa wakikopa walikuwa ni watu wa utalii. Mwanamke aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli ya Nungwi alikuwa amerudi kwao Bumbwisudi. Dereva wa gari la wageni alikuwa akilima muhogo. Mpishi wa mkahawa wa Mji Mkongwe alikuwa ameanza kukaanga samaki nyumbani, ananunua pakiti kumi kwa mara moja na kulipa tano. Tulidhani tumeukimbia utalii kwa kumgeukia mteja wa nyumbani, kumbe mteja wa nyumbani naye alikuwa akila kwa mkono wa utalii, na hasara iliyotoka kwa mlango wa shambani ilikuwa imezunguka nyumba ikaingia kwa mlango wa uani, ikiwa imeandikwa kwa kalamu yangu mwenyewe. Kwa hiyo ninapowasikia wataalamu wakishauri kwamba biashara za visiwani zijitegemeze kwa soko la ndani, huwa nakubaliana nao nusu. Soko la ndani lipo, lina mwendo, na hatukulitendea haki. Lakini si chombo cha akiba kilichotengwa mbali na moto.

Shangazi hakuwa na njia ya kukataa kukopesha, kwa kuwa mtu anayekataa kumkopesha jirani viungo vya futari haishi kwa raha katika kijiji kile. Alichofanya ni kuliwekea deni ukuta. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa na pakiti zaidi ya tatu kwenye daftari, awe nani, na aliyefika tatu alitakiwa kulipa angalau moja kabla ya kuchukua nyingine. Majina yaliyofika tatu niliyaandika kwa kalamu nyekundu. Alinitaka pia nimwandikie yeye mwenyewe jina lake, kwa kuwa alikuwa akichukua pakiti za nyumbani bila kuzilipia, na kwa wiki mbili jina la mwenye kibanda lilikuwa jekundu kuliko yote. Hili liliwachekesha wadaiwa wengine, na nadhani ndilo lililoifanya sheria ikubalike, ingawa siwezi kulithibitisha.

Kilichokikwamua kibanda kabisa kilikuwa ni mikusanyiko. Wakati wa zuio la mikusanyiko, harusi nyingi ziliahirishwa, na mtu asiyeishi Zanzibar hawezi kujua uzito wa neno hilo katika biashara ya viungo. Masharti yalipolegezwa katikati ya mwaka 2020, miezi ya mfunguo, yaani inayofuata Ramadhani, ikawa imebeba harusi zake na zile zilizoshindikana kufungwa kabla ya mfungo. Mpishi wa harusi hanunui kwa pakiti ya kilo. Ananunua kwa gunia la mchele. Lakini aliiona pakiti, akauliza kipimo chake, akaagiza kipimo kilekile mara hamsini, na malipo ya harusi ni taslimu, kwa sababu hakuna familia inayotaka aibu ya kudaiwa viungo siku ya harusi. Baadaye zikafuata hitma, na ulipofika Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, ulioanza Oktoba mwaka huo, maulidi. Mwezi huohuo wa Oktoba ulikuwa ni wa uchaguzi mkuu, na kwa wiki kadhaa barabara ya Kizimbani ilikuwa kimya kama Aprili, lakini kibanda kilikuwa kimeshakuwa na mtaji wa kuvumilia wiki chache.

Anga la Tanzania lilikuwa limefunguliwa tangu tarehe 18 Mei 2020, na Zanzibar ikaanza tena kupokea watalii mwanzoni mwa Juni, mapema kuliko nchi nyingi. Mwaka huo ulimalizika na wageni 260,644, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2021 wakafika 394,185, na mwaka 2022 wakafika 548,503, idadi iliyoipita ile ya 2019. Kwa mtu anayesoma tarakimu hizi peke yake, ahueni ilikamilika mwaka 2022. Mezani kwetu picha ilikuwa na mikunjo zaidi. Wengi wa wageni waliotangulia kurudi walitoka Urusi na Ukraine, wakija kwa ndege za kukodi na kufikia katika hoteli za ufukweni ambazo kila kitu kimeshalipiwa, na mgeni wa namna hiyo haoni sababu kubwa ya kutoka kwenda kunusa mdalasini. Vita vilipoanza Februari 2022 wageni hao nao wakakatika ghafla, na wengine wakakwama visiwani. Ilikuwa ni mara ya pili katika miaka miwili kwa jambo lililoamuliwa mbali sana kuamua kama kibanda cha makuti kitauza.

Waongozaji wa zamani walirudi mmoja mmoja, na mmoja wao alirudi na bei mpya. Alitaka fungu lake lipande, akisema, na kwa haki kabisa, kwamba naye alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi na ana madeni. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Zamani angekubali, kwa sababu bila yeye hapakuwa na biashara. Safari hii alimwekea daftari mbele yake, akamwonesha safu ambayo hatimaye nilikuwa nimeichora, yenye kichwa "chake", na akamwambia, "Mwanangu, hili ni fungu lako na hili ni langu. Nitazame mimi, halafu useme." Hawakufikia mwafaka siku hiyo. Alirudi baada ya wiki mbili akakubali fungu la zamani, kwa sharti kwamba wageni wake wapikiwe chai ya viungo bure, jambo ambalo lilikuwa na gharama ndogo na ambalo, kwa maoni yangu, lilifanya wageni wakae kibandani muda mrefu zaidi kuliko taji la majani ya mnazi lilivyowahi kufanya. Vikapu vile vya mwaka 2020 viliuzwa mpaka cha mwisho, lakini ndani yake sasa mna pakiti ya pilau iliyo nzima, yenye uzile, na karatasi ndogo inayoeleza namna ya kupika.

Juu ya msaada wa Serikali sina mengi. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulioidhinishwa Septemba 2021 uliiletea Zanzibar takriban shilingi bilioni 230 za ahueni, sehemu yake ikatengwa kwa ajili ya wajasiriamali, na mikopo isiyo na riba ikaanza kuzungumzwa hadi vijijini. Kutokuwa na riba si jambo dogo hapa. Wapo wafanyabiashara wengi wadogo ambao hawajawahi kukanyaga benki kwa sababu hiyo tu. Shangazi alijiunga na kikundi, akajaza fomu, akasubiri. Fedha zilipofika kwa kikundi chao, kibanda kilikuwa kimeshasimama kwa fedha za wifi, za harusi na za pakiti. Alizitumia kununua mashine ndogo ya kufunga vifuko kwa moto, na hakuzilalamikia wala hakuzisifu.

Mtihani ninaouona kuwa mkubwa kuliko yote ulikuja katika mwaka 2023, mwaka ambao wageni walifika 638,498 na kila mtu akawa anasema mambo yametulia. Mnunuzi wa hoteli moja ya ufukwe wa mashariki, ambayo siitaji, alipita kibandani, akaonja chai, akaiona pakiti, na akataka zipelekwe hotelini kila wiki kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana katika daftari letu. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Malipo yangekuja baada ya siku 60. Alilisema sharti hilo mwishoni, akiwa amekwisha simama, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, na kwa biashara kati ya hoteli na wauzaji wake ni jambo la kawaida kweli.

Jioni ile tulikaa na kalamu. Siku 60 ni kama wiki nane zilezile ambazo kikapu cha ukili kilikuwa kikizikaa mezani. Ili kuihudumia hoteli kwa wiki nane bila ya kupokea chochote, shangazi angehitaji kuutia mtaji wake wote pale na kuwaachia wateja wa barabarani rafu tupu, na wateja wa barabarani, ukiwaachia rafu tupu mara mbili, hawarudi mara ya tatu. Mimi nilishauri akatae. Nilidhani nimeshamwelewa, na nilidhani kisa chetu chote kilikuwa kinaelekea kwenye neno hilo.

Hakukataa. Kesho yake alimpigia simu yule mnunuzi, akamweleza kwa adabu kwamba atampelekea theluthi ya alichokitaka, na kwamba katika kibanda chake kila mteja ana kikomo: deni la wiki tatu likifika, mzigo wa nne hautoki mpaka wa kwanza ulipwe. Mnunuzi akacheka, akasema atawauliza wakubwa wake. Siku ya tano alirudi akakubali. Sasa jina la hoteli liko katika daftari la deni, chini ya mama muuza maandazi na juu ya yule mpishi wa Mji Mkongwe, na mwezi uliopita nililiandika kwa kalamu nyekundu.